Maji ya Chai

Profesa Gao aliponiuliza kwetu ni wapi
nilisema Maji ya Chai, kisha nikatafsiri,
naye akacheka mpaka akavua miwani:
"Binti, nani hapa hatoki maji ya chai?"
Nikacheka nami, kiganja mdomoni,
kama nilivyozoea tangu darasa la tatu.

Nilikuwa nimebeba chupa kumi na mbili,
nimezizungushia kanga ya mama,
kila moja na jina lake kwa kalamu nene:
Kisima cha kanisani. Bomba la kwa Nnko.
Mto, juu ya daraja. Mto, chini ya daraja.
Ndoo ya mama, Jumanne asubuhi.
Ofisa wa uwanja wa ndege aliinua hii ya mwisho,
akaielekeza kwenye taa, akatafuta kosa.
Hakuliona. Sisi wenyewe tumelitafuta
kwa macho, toka enzi za babu.

Baridi ya Lanzhou ilinifundisha kunywa maji ya moto
matupu, bila majani, bila sukari,
nikitembea na chupa kwapani kama mgonjwa.
Usiku maabara ilinguruma peke yake.
Ndoo ya mama ikapita kwenye mashine,
ikatoka namba.
Niliisoma kama mtu anavyosoma cheti cha hospitali,
haraka, kisha polepole.

Mama huchemsha. Dakika kumi, kifuniko juu,
alivyoagizwa na bwana afya mwaka wa kipindupindu.
Nami nikachemsha, dakika kumi, kifuniko juu,
nikapima tena.
Floraidi haikuwa imepungua. Ilikuwa imeongezeka,
maji yamepaa, yenyewe imebaki chini inatungoja.
Wiki ile sikumpigia simu.

Mwezi wa tatu tulipanda basi hadi kijiji kimoja,
vumbi la njano, mashamba ya mtama, visima virefu.
Bibi Hou Guilan alitufungulia lango.
Alinitazama nywele, akanitazama viatu.
Nikamwamkia kwa Kichina changu kinachochechemea,
akacheka,
na meno yake, jamani,
kahawia, ya michirizi, kama dari iliyovuja:
meno ya shangazi Ndelilio,
meno ya darasa letu lote siku ya picha,
tulipoambiwa tutabasamu tukafunga midomo.
Mkono wangu ulishuka wenyewe.
Alinisogelea, akaligusa jino langu la mbele
kwa kidole chenye harufu ya kitunguu saumu,
akasema neno. Profesa alikohoa kwanza.
"Anasema, kumbe nawe ni wa hapa."

Nimerudi. Shahada iko ukutani,
kioo chake kilipasuka njiani.
Nyuma ya jiko nimesimamisha pipa la bluu
lililojaa mkaa wa mifupa, ya ng'ombe wa machinjio ya Usa,
maji yanaingilia juu, yanatokea chini tone kwa tone.
Majirani wanasema mtoto wa Anaeli
kaenda Uchina miaka minne, karudi na mifupa.
Mama anayakinga kwenye sufuria,
anayachemsha. Dakika kumi, kifuniko juu.
Sijamkataza.

Lakini yupo Nanyori, wa kaka yangu.
Nilipoondoka alikuwa anajifunza kushika kikombe.
Nilipokuwa naipima ndoo ile kule,
huku yeye alikuwa anainywa.
Jumapili jino lake la utoto limeng'oka,
amelirusha juu ya bati, akashangilia.
Linalokuja limekwisha kuandikwa
humo ndani ya ufizi, zamani,
na mimi ndiye ninayejua kusoma mwandiko huo.

Kila jioni ananiita: "Shangazi, leta tochi!"
Naleta. Anapanua kinywa chote,
hana mkono mdomoni, hajui bado kama upo.
Ufizi mwekundu, umevimba kidogo.
"Limetoka?"
Bado, mama. Bado.